Cheti Kipime Mkono

Hotuba hii niliitoa Jinja, Uganda, mbele ya maopereta wa mitambo ya maji na majitaka, wakuu wao wa kazi, na maofisa wa wilaya. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Waheshimiwa mliokaa mbele, na ninyi kaka na dada zangu mliotoka zamu ya usiku mkaja hapa bila kulala, hamjambo?

Nimeombwa nizungumze juu ya kanuni za vyeti vya maopereta: ziandikwe upya namna gani, nani apewe cheti na kwa kipimo gani. Nitazungumza kwa Kiswahili. Mlangoni nimesoma majina ya waliojiandikisha, nikaona Wasoga, Wateso, Waacholi, Walugbara, Wakonjo, na Wanubi kutoka Bombo. Pampu ikigoma saa nane usiku, mnaitana kwa lugha gani? Wengi wenu kwa hii hii. Jambo hilo nitalirudia baadaye, kwa hiyo msilisahau.

Niwasimulie habari za mtu mmoja. Jina lake silitaji, na mji wake nauacha. Nilipelekwa kwenye mtambo wake mwaka wa kwanza baada ya kumaliza chuo, nikiwa na diploma ambayo bado inanukia wino. Yeye alikuwa amefika darasa la nne. Chanzo chetu kilikuwa mto, na ninyi mnaofanya kazi kwenye mito mnajua maana yake: ziwa hubadilika kwa siku, mto hubadilika kwa saa.

Siku hiyo mvua ilianza kunyesha milimani tangu alasiri. Ilipofika saa mbili usiku, maji yaliyokuwa yakiingia mtamboni yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mimi nilitazama karatasi iliyobandikwa ukutani, yenye kipimo cha shabu, ile dawa ya kushikanisha tope lishuke chini, nikaweka kipimo kile kile. Nikaongeza kidogo, kwa woga. Maji yakapita kwenye tangi la kutulizia yakiwa na tope lile lile, yakaenda kuziba machujio.

Mzee akaja akiwa na koti la mvua, akanitazama, akasema, "Mwanangu, karatasi hii iliandikwa kiangazi."

Akachukua bilauri sita, akazipanga mezani, akazijaza maji ya mtoni. Akavuta mchanganyiko wa shabu kwa bomba la sindano, akatia kidogo kwenye ya kwanza, akaongeza kwenye ya pili, hivyo hivyo mpaka ya sita. Akakoroga kwa haraka huku akihesabu kimoyomoyo, kisha akakoroga polepole sana, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu. Akaweka tochi nyuma ya bilauri, akasema tungoje. Katika bilauri ya nne tope lilishikana likawa madonge madogo kama uji uliokatika, yakashuka chini, na juu yake mwanga wa tochi ukapita bila kizuizi. Ya kwanza na ya pili zilikuwa bado chai. Lakini ile ya sita, iliyotiwa shabu nyingi kuliko zote, nayo ilikuwa na ukungu. Nilishangaa. Akasema, "Shabu ikizidi nayo inachafua. Na inayaacha maji yakiwa makali, kwa hiyo lete chokaa." Akafungua valvu kwa kipimo cha bilauri ya nne. Kufikia saa tano usiku machujio yalikuwa yanapokea maji yaliyotulia.

Miaka ikapita. Mwajiri wetu, ambaye simtaji, akaamua kwamba kila opereta lazima awe na cheti. Uamuzi mzuri. Wakatuletea mtihani. Ulifanyiwa darasani kwa saa tatu, kwa maandishi, kwa Kiingereza. Swali la kwanza lilitaka mtu aeleze kwa maneno tofauti kati ya kukorogwa kwa haraka na kukorogwa polepole, na kila hatua inafanya nini kwa chembe za tope. Mzee alikuwa ameketi safu ya mbele yangu. Nilimwona akishika kalamu saa tatu nzima. Karatasi yake ilikwenda na jina tu.

Akaandikiwa barua ya kuondolewa kwenye shabu na klorini, akapewa kazi ya kufyeka nyasi kuzunguka tangi. Mahali pake akawekwa kijana mwenye cheti, kijana mwema kabisa, ambaye hakuwa amewahi kuuona mto huo ukifurika. Msimu wa mvua uliofuata, mji ule ulikunywa maji ya rangi ya udongo kwa siku kadhaa. Namhurumia yule kijana mpaka leo. Aliachwa peke yake na karatasi ile ile ya kiangazi.

Sasa najua baadhi yenu mnafikiri nimekuja kusema kwamba uzoefu unatosha, kwamba aliyekaa kazini miaka ishirini apewe cheti tu aende zake. Sikuja kusema hivyo. Nisikilizeni vizuri hapa, maana hapa ndipo watu walikufa.

Mwezi Mei mwaka 2000, katika mji mdogo wa Walkerton, jimbo la Ontario, Kanada, mvua kubwa ilinyesha. Maji ya mvua yalibeba vijidudu kutoka kwenye samadi ya shamba la jirani, vikaingia kisima kifupi cha mji. Ule ni mji wa watu wasiofika 5,000. Walioumwa walikuwa zaidi ya 2,300, na watu 7 wakafa. Nchi tajiri, yenye maabara na magari ya wagonjwa. Jaji Dennis O'Connor aliteuliwa kuchunguza, na alichokikuta kinatuhusu sisi moja kwa moja. Waliokuwa wakiendesha visima vile walikuwa na vyeti. Walivipata kwa ukongwe: serikali ilipoanzisha vyeti iliwapa waliokuwa kazini tayari, bila mafunzo na bila mtihani, kwa kuhesabu miaka yao tu. Wala hawakuwa watu wabaya waliotaka kuua majirani zao. Walikuwa wamekaa kazini miaka mingi wakiamini kwamba maji yale ni matamu hata bila dawa. Klorini waliitia pungufu, na kwenye daftari wakaandika tarakimu ambazo hawakuzipima, miligramu 0.5 au 0.75 kwa lita, siku baada ya siku. Baada ya hapo jaji akapendekeza kwamba hata wenye vyeti vya ukongwe wafanye mtihani ndani ya miaka miwili.

Daftari lenye tarakimu zile zile kila siku: nani hapa hajawahi kuliona? Sitaki mtu anyooshe mkono.

Kwa hiyo tuna makosa mawili, na yote mawili yamevaa nguo ya cheti. Moja ni kumnyima cheti anayejua kazi kwa sababu hajui kuieleza darasani. La pili ni kumpa cheti asiyejua kwa sababu amezeeka kazini. Dawa ya yote mawili, kwa maoni yangu, ni moja: mtu apimwe kwa mkono wake, mbele ya mtambo, na maji yawe shahidi.

Nitoe mfano wa swali ambalo ningependa liwe kwenye mtihani wa mtambo mdogo wa mji. Opereta asimamishwe mbele ya tangi la mita za ujazo 50 lililojaa. Apewe ndoo ya unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65. Aambiwe: tia miligramu 2 kwa kila lita. Tangi ni lita 50,000, kwa hiyo anahitaji gramu 100 za klorini yenyewe, na kwa unga ule ni gramu 154 hivi. Akishapata, mtahini amwulize: na kama ndoo hii ilifunguliwa miezi mingi iliyopita ikakaa kwenye stoo yenye joto, nguvu yake ikashuka hadi asilimia 40? Sasa ni gramu 250. Anayejua kazi atauliza kabla hajaulizwa. Atanusa ndoo, atatafuta tarehe, atasema "huu lazima upimwe kwanza". Halafu angoje nusu saa, maana klorini haifanyi kazi kwa kupita tu, kisha waende pamoja mpaka bomba la mwisho, lile la kwa mama anayeuza mandazi kule mtaa wa chini, akinge maji, atie kidonge cha kupimia, atazame rangi ya waridi. Bombani kunapaswa kubaki angalau miligramu 0.2 kwa lita. Rangi isipotokea kabisa, aeleze atafanya nini usiku huo huo, na atampigia nani simu.

Huo ni mtihani. Unachukua asubuhi moja. Aliyefika darasa la nne anaweza kuupita, na mwenye digrii anaweza kuanguka.

Wala si jambo la ajabu katika nchi hii. Fundi wa umeme hana budi kuwa na kibali cha Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, na vibali hivyo vina madaraja yake. Mchimba visima ana kibali. Mwenye boda anadaiwa pamiti barabarani. Na kwa miaka mingi Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani, DIT, ilikuwa ikiwatambua watu waliopata ujuzi wao kazini na kuwapa kile kitabu kidogo cha kuonyesha wanachokiweza. Njia ipo, tumeshaipita kwa seremala na kwa fundi cherehani. Mtu anayetia dawa kwenye maji ya mji mzima asiachwe na barua ya ajira peke yake.

Vyeti navyo viwe na madaraja kufuatana na mtambo. Kisima cha pampu ya sola chenye tangi moja hakifanani na mtambo wa Katosi kule Mukono, uliojengwa kutoa lita milioni 160 kwa siku. Wamarekani, walipoandika miongozo yao mwaka 1999, walikubali wakongwe wapewe nafasi, lakini kwa masharti: cheti cha ukongwe ni cha mtambo ule ule tu, hakihami na mwenyewe, na mtambo ukibadilika sana kinaisha. Na vyeti vyote vihuishwe kila baada ya muda usiozidi miaka mitatu. Napenda sana sharti hilo la mtambo. Mzee wangu wa bilauri sita angekuwa na cheti cha mto wake, na mto wake aliujua kuliko mimi. Afrika Kusini nao waliishi na kanuni za madaraja za 1985 mpaka walipozibadilisha mwaka 2023. Karibu miaka arobaini. Sisi tusingoje hivyo.

Na hapa nawageukia ndugu zangu wa majitaka, maana kila tukikutana tunazungumza juu ya maji safi mpaka chakula cha mchana, halafu majitaka yanapewa dakika kumi za mwisho.

Tazameni Kampala. Mfereji wa Nakivubo unapita kando ya mtambo wa majitaka wa Bugolobi, unaingia kwenye ghuba ya ndani ya Murchison, Ziwa Viktoria, na kwenye ghuba hiyo hiyo ndiko mtambo wa Gaba unakovuta maji ya kunywa. Maana yake ni kwamba anayesafisha majitaka juu ya mfereji na anayesafisha maji ya kunywa chini yake wanafanya kazi moja, ingawa hawajuani. Wa juu akilala, wa chini anakesha. Shabu na klorini anazoongeza mwenzako ni gharama ya kile ulichoachilia wewe. Tangu 1999 tuna kanuni za viwango vya majitaka yanayomwagwa, na zimeandikwa upya mwaka 2020. Kwa hiyo maji yameshaandikiwa. Mkono unaoyasafisha ndio unaongoja zamu yake.

Mtambo wa zamani wa Bugolobi ulikuwa wa vitanda vya mawe, majitaka yanatiririka juu yake. Mpya uliochukua nafasi yake umejengwa kupokea lita milioni 45 kwa siku na una matangi makubwa ya kuozesha tope, yanayotoa gesi ya kuzalishia umeme. Opereta aliyejifunza kwenye mawe akiingizwa kwenye gesi ya kulipuka bila kufundishwa upya, cheti chake cha zamani kitamlinda na nini? Kule kwenye mtambo wa Lubigi tangu 2014 magari ya kunyonya vyoo yanamwaga tope lao lenye mchanga, nguo, chupa na kila kitu. Hiyo ni elimu nyingine kabisa. Anayetunza mabwawa naye ana elimu yake: anajua bwawa la kijani likigeuka kuwa na rangi ya waridi limezidiwa mzigo, na anajua kabla maabara haijamwambia.

Lakini kuna jambo moja ambalo kwangu mimi halina mjadala, na mtu asiyelijua asipewe cheti hata kama anajua mengine yote. Ni gesi ya shimo la majitaka. Mnaijua harufu yake, ya yai viza. Watu wanafikiri harufu ndiyo hatari. Hapana. Ikiwa kidogo unaisikia. Ikifika kama sehemu 100 katika milioni ya hewa, pua inakufa ganzi, harufu inapotea, na mtu aliyeko ngazini anasema "afadhali, imepungua", anateremka. Imeongezeka. Ni nzito kuliko hewa, imekaa chini inamngoja. Anaanguka, mwenzake anateremka kumwokoa bila kamba wala kipimo, naye anaanguka juu yake.

Nimeshasimama juu ya shimo kama hilo. Nilifika wakati kamba ilikuwa tayari inavutwa. Sandali moja ilikuwa imebaki kwenye ngazi ya pili kutoka juu, imenasa kwa ukanda, na hakuna aliyethubutu kuitoa. Aliyekuwa akivutwa alikuwa kijana mwingine, kibarua wa siku. Hakuwa na cheti, na hakuna aliyekuwa amemwambia habari ya harufu kupotea. Sentensi moja tu. Ingechukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai.

Kwa hiyo kanuni zimbane mwajiri pia, zisimbane opereta peke yake. Asiyekuwa na cheti asiingizwe shimoni, na anayemwingiza ajibu. Kila mtambo uwe na jina la opereta mwenye dhamana limebandikwa mlangoni, na awepo au apatikane kila zamu. Na opereta huyo awe na haki kwa maandishi ya kufunga maji klorini ikiisha stoo, bila kungoja ruhusa ya mtu aliyeko kwenye mkutano. Nimewaona wenzetu wakiachilia maji wasiyoyaamini kwa sababu mkubwa alisema mji usikauke. Cheti kisichompa mtu nguvu ya kusema hapana ni mapambo ya ukutani.

Sasa nalirudia lile la lugha. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima mashuleni. Basi kianzie pia kwenye pampu, ambako tayari kinafanya kazi bila kuombwa. Mtihani wa opereta uwepo kwa Kiswahili, na kwa Luganda, na kwa lugha nyingine ambayo mtahini na mtahiniwa wanaelewana. Mtu mmoja ofisini aliniuliza, "Lakini vitabu vya mashine vimeandikwa kwa Kiingereza, atasomaje?" Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba kusoma onyo la mashine na kusoma lebo ya ndoo viwe sehemu ya mtihani, kwa Kiingereza kile kile kilichoandikwa pale. Maneno hayo hayazidi mia, na yanafundishika. Kinachonikera ni kupima insha mahali pa kupima maji.

Gharama nitaisema kwa ufupi. Opereta wa mji mdogo hana nauli ya kwenda Kampala kulala siku tatu, na akiondoka hakuna wa kushika zamu. Mtahini amfuate mtamboni. Ndiyo, ni ghali. Mlipuko mmoja wa kuhara damu ni ghali zaidi, na mnaijua bei yake kuliko mimi.

Wakubwa wa kazi mliopo, naomba mrudi mkafungue madaftari ya klorini ya mwezi uliopita. Msiangalie kama yamejazwa. Angalieni kama tarakimu zinapanda na kushuka.

Yule mzee bado yupo, bado anafyeka nyasi pale tangini. Mvua ikipiga milimani, kijana mwenye cheti humpigia simu, naye huvaa koti akaenda kupanga bilauri, bila malipo na bila jina lake kuandikwa kwenye daftari la zamu. Wiki iliyopita aliniuliza kama ni kweli mtihani unaweza kuja kwa Kiswahili, pale pale mtamboni. Nikamwambia ndiyo maana ninakuja Jinja. Akaniuliza tena, "Basi watakuja masika au kiangazi?" Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Wakija kiangazi, hawataniona kitu. Waambie waje masika."